Tutazame na Kusoma Pamoja Nyakati za Misukosuko

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, kina mama, wanaume na vijana wa parokia, Tseikuru



Baba Paroko, katekista wetu, wazee wa kanisa, kina mama, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu: tunawashukuru kwa kuacha kazi za nyumbani na kuja. Tunajua kuna mbuzi wanaongoja maji, na kwamba wengine wenu mtatembea gizani mkichelewa. Kwa hiyo hatutazunguka. Tumeombwa na baraza la parokia tueleze kazi moja tu ya idara yetu ya maendeleo, yaani zile jioni za filamu kwenye ukumbi, pamoja na lile sanduku la vitabu linalozunguka kwenye jumuiya. Baada ya maelezo haya baraza litaamua kama kazi hiyo iendelee ama isimamishwe mpaka uchaguzi wa mwaka 2027 upite.

Malalamiko tumeyasikia, na tunayarudia hapa bila kuyapunguza makali. La kwanza ni kwamba tunaleta siasa kanisani. La pili ni kwamba vijana wanachochewa, watatoka ukumbini waende kuandamana Mwingi ama Nairobi, na wengine wasirudi. La tatu, ambalo wazee wamelisema kwa sauti ya chini, ni kwamba serikali ina masikio, na parokia ndogo kama yetu haina wa kuitetea. Haya si maneno ya watu wasiofikiri. Kuna nyumba hapa Tseikuru ambazo mwezi wa Juni 2024, na tena Juni na Julai 2025, watu hawakulala kwa kuwa mtoto yuko Nairobi na simu yake haipatikani.

Kwanza tukumbushane jinsi kazi hii ilivyoanza, maana wengine wanadhani ilianza na mambo ya maandamano. Ilianza na mvua. Filamu ya kwanza tuliyoonyesha ni ya mkulima wa hapa hapa Kitui, upande wa Mutomo, bwana Kisilu Musya. Jina lake ni "Thank You for the Rain", yaani asante kwa mvua, na ilitoka mwaka 2017. Kisilu alipewa kamera na mwongozaji wa filamu kutoka Norwe, Julia Dahr, akawa anapiga picha shamba lake na familia yake kwa miaka kadhaa: ukame, kisha mvua ya dhoruba iliyoharibu nyumba, na mwishowe safari ya Paris mwaka 2015 kwenye mkutano wa dunia kuhusu tabianchi. Hakuna mwigizaji ndani yake. Tuliichagua kwa sababu ndani yake watu wanasema Kikamba, na kwa sababu hakuna ambaye angesema mvua ni ya chama fulani.

Lakini mazungumzo ya baada ya filamu hayakukaa kwenye mvua. Mama mmoja alisimama akasema, huyu mwenzetu amefika mpaka Paris kuuliza, sisi tumefika wapi kuuliza habari za bwawa letu? Watu walicheka. Mwezi uliofuata kikundi cha maji kikaandika barua kuomba kuona bajeti, na wakajibiwa baada ya barua ya tatu. Basi hiyo ndiyo siasa iliyoingia kanisani, kama jina lake ni siasa: kina mama kumi na wawili wenye mitungi wakitaka kujua pesa za bwawa zimefikia wapi.

Njia tunayotumia ninyi mnaijua tangu zamani, ni ile ya jumuiya ndogo ndogo: ona, amua, tenda. Watu wa Vijana Wafanyakazi Wakristo waliifanyia kazi tangu siku za Padre Cardijn kule Ubelgiji, na sisi tumeitumia kwenye miradi ya visima na ya mbuzi wa maziwa. Kwenye filamu na vitabu tunaitumia vilevile, ila tunakaa sana kwenye lile neno la kwanza. Mtu akisimama kusema, kwanza anaulizwa: umeona nini? Si unafikiri nini. Umeona nini, kwa macho yako, pale ukutani? Mtashangaa jinsi swali hilo lilivyo gumu. Mzee anasema, nimeona vijana wahuni. Tunamwuliza, baba, uhuni umeuona wapi, kwenye dakika gani? Tunarudisha nyuma. Tunatazama tena. Wakati mwingine mzee yuko sahihi, kuna kijana amevunja duka. Wakati mwingine kijana ameinua mikono juu ina chupa ya maji tu. Na vijana pia tunawafanyia hivyo hivyo, maana na wao wanaona polisi mbaya hata pale ambapo polisi anamsaidia aliyeanguka.

Sasa tuje kwenye filamu iliyoleta kelele. Tarehe 28 Aprili 2025 BBC, kwenye kipindi chao cha Africa Eye, walitoa filamu inayoitwa "Blood Parliament", maana yake bunge la damu. Inahusu tarehe 25 Juni 2024, siku vijana waliokuwa wanapinga Mswada wa Fedha walipoingia Bunge na watu wakapigwa risasi. Mnakumbuka kwamba siku iliyofuata Rais alitangaza hatautia sahihi mswada huo. Mnakumbuka pia hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu: katika maandamano yale na siku zilizofuata mwaka huo walihesabu vifo 60.

Filamu yenyewe haifiki saa moja. Sisi tuliitumia jioni mbili, kwa sababu tulitaka watu waone jinsi ilivyotengenezwa. Watengenezaji walikusanya picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zimepigwa na watu wa kawaida kwa simu. Wakazipanga kwa saa na dakika. Wakatazama ukuta huu uko upande gani, huyu mwenye bunduki amesimama wapi, amevaa nini, na mlio wa risasi unasikika kwenye video ngapi kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo wakasema ni nani, kwa maoni yao, aliyefyatua. Hii ni kazi ya subira kama ya kuchambua ndengu. Mtu hasemi "nimesikia". Anasema, "angalia hapa, na hapa, na hapa."

Je, serikali ilisema nini? Hilo nalo tulilisoma, kwa sauti, ukumbini. Baadhi ya wabunge walisema filamu imeegemea upande mmoja, na wengine wakataka BBC ichukuliwe hatua. Onyesho lililokuwa limepangwa Nairobi lilifutwa. Tarehe 2 Mei 2025 polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne jijini, wakaachiliwa kesho yake, na BBC wakasema wanne hao hawakuhusika na filamu hiyo hata kidogo. Tuliwaachia watu wapime wenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu alisema jambo zuri, kwamba mtu anayesema filamu ina upande mmoja anapaswa kutuletea ule upande wa pili, si kuuzima ule wa kwanza. Tunakubaliana naye. Lakini pia tunasema wazi kwamba filamu si Injili. Iliamua ionyeshe nini na iache nini. Na kuna filamu nyingine, hatutazitaja, ambazo muziki wake unaanza kulia kabla wewe hujajua unalilia nini. Hizo tunazipunguza sauti.

Faida yake tuliiona baada ya wiki chache tu. Mwisho wa Juni 2025 kuna video ilizunguka kwenye simu za hapa, watu wamelala barabarani, damu, na sauti inasema ni Nairobi leo asubuhi. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliyeona shati la rangi kama la mwanawe alianguka pale sokoni. Watu wakaanza kuchanga nauli ya kwenda kutafuta maiti. Ni msichana mmoja anayeuza kwenye kibanda cha M-Pesa, aliyekuwa ameketi safu ya tatu jioni zote mbili, aliyeomba hiyo simu, akaisimamisha video, akasema: namba za magari haya hazianzi na K. Hii si Kenya. Jioni kijana akapiga simu mwenyewe, alikuwa kazini Industrial Area na betri ilikuwa imeisha. Jameni, huyo msichana hakuchochewa na filamu. Alifundishwa kutulia.

Na hapo ndipo tunapotaka wazee watusikilize vizuri. Vijana wenu tayari wanatazama. Sisi tukizima projekta hatuzimi simu zao. Hapa kwetu mtandao unashika ukipanda mlima, na hapo mlimani ndipo wanapokaa jioni, kila mmoja na kioo chake, wakipata vipande vya nusu dakika vilivyokatwa na mtu wasiyemjua. Hakuna mzee pale wa kuuliza umeona nini. Hakuna wa kukumbuka kwamba jambo kama hili liliwahi kutokea. Ukumbini angalau mnakaa nao.

Kuhusu woga, tunasema hivi: woga wa wazee una historia, na vijana wanafaa kuijua kabla ya kuucheka. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kinachouliza Kenya twendapi. Kwa hicho alifungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kama kitabu, "Sauti ya Dhiki", na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mwisho wa mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini baada ya mchezo wa kuigiza wa wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, na yeye pia akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni kule Kamiti. Riwaya yake "Matigari", iliyotoka mwaka 1986, iliondolewa madukani, na mwenyewe alisimulia kwamba polisi walikuwa wakimtafuta Matigari wamkamate, kumbe ni mtu wa kitabuni! Mwaka huo wa 1986 watu walifungwa kwa kupatikana na karatasi za Mwakenya. Na baada ya uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, gazeti la "Beyond" la Baraza la Makanisa lilipigwa marufuku kwa kuandika jinsi foleni fupi zilivyotangazwa kuwa ndefu.

Sisi wa umri wetu tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo. Tunakumbuka watu wazima wakinyamaza mgeni akiingia. Mzee mmoja hapa ametueleza jinsi alivyofukia vitabu vyake chini ya kihenge cha mtama, na mchwa wakavimaliza kabla Special Branch hawajafika. Alipotueleza alicheka, lakini machozi yalimtoka. Kwa hiyo mzee kama huyo akisema "muwe waangalifu", si uoga wa bure.

Hata hivyo sheria ya leo si ile ya wakati ule. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 35 inampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 37 inaruhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Na ile ya 33 inasema pia kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na sisi tunaisoma hiyo sehemu mara mbili ili isipite haraka. Hatusemi kwamba kila afisa anaifuata Katiba. Tunasema kwamba tunapokaa ukumbini, milango wazi, tukijadili filamu ambayo dunia nzima imeona, hatufanyi jambo la kujificha. Chifu tumemwalika kila mara. Alikuja mara moja, akauliza swali zuri.

Tena maandamano hayakuletwa na watoto wa simu. Hili lilitoka kwenye sanduku la vitabu. Kuna kitabu cha historia cha J. Forbes Munro, kilichotoka mwaka 1975, juu ya utawala wa kikoloni na Wakamba. Ni Kiingereza kigumu, kwa hiyo mwalimu alitusomea akitueleza kwa Kikamba. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilichukua ng'ombe za watu kwa nguvu kule Machakos, ikisema zimezidi na udongo unaharibika. Zikapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na huku kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe za bei rahisi. Watu wakafanya nini? Wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu moja, wakafunga safari mpaka Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini ile amri ya kupunguza ng'ombe kwa lazima ikalegezwa. Leo kuna barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi, na hizo ndizo barabara ambazo vijana walikuwa wakikimbia moshi wa machozi mwaka 2024.

Jioni hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo. Wazee waliokuwa wamekuja kutukataza ndio walioongea mpaka saa tatu usiku. Kila mmoja alikuwa na baba ama mjomba aliyesikia habari za Muindi Mbingu. Na vijana, kwa mara ya kwanza, walinyamaza.

Vitabu vingine viko majumbani mwenu na hamjui. Angalieni juu ya kabati. Vile vya fasihi ambavyo watoto walisoma sekondari, vikaachwa kitahiniwa kilipobadilika. "Kigogo" cha Pauline Kea kinahusu mji wa Sagamoyo, mtawala anayefunga soko, na wachonga vinyago ambao mmoja wao, Sudi, anakataa kumchongea mtawala sifa. Ninyi ndugu mnaochonga mtamwelewa Sudi kuliko mtahini. "Chozi la Heri" cha Assumpta Matei kinaanza na nyumba ya daktari Ridhaa kuteketezwa pamoja na familia yake baada ya uchaguzi, na jirani ni mmoja wa walioshiriki. Jirani! Kina mama wa jumuiya moja walikisoma kwa miezi minne, sura moja kila Alhamisi, mmoja anasoma, wengine wanashona vikapu. Mama aliyekimbia Bonde la Ufa mwaka 2008 hakuwa amewahi kusema lolote juu ya mambo aliyoyapitia. Kwenye sura ile alisema. Hatutayarudia hapa, ni yake.

Mnajua kwa nini tunasisitiza lile neno jirani. Sisi tuko mpakani. Ng'ambo ile kuna wafugaji wa ngamia, na kila ukame kuna shamba limelishwa, kuna kisima kimegombaniwa, na kuna watu wamekufa, wa kwetu na wa kwao. Siku za siasa kuna mtu huja na gari jipya kutuambia kwamba wale si watu. Baada ya "Chozi la Heri" kina mama waliuliza swali moja ambalo hakuna semina yetu iliyowahi kulitoa: huyo mwenye gari, yeye analala wapi usiku wa vita?

Jambo jingine linauma kidogo, lakini tulisemee hapa hapa nyumbani. Mheshimiwa Kalonzo Musyoka ni mzaliwa wa Tseikuru. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2016, na nakala yetu imesomwa mpaka jalada limetoka. Hiyo ni sawa, ni fahari yetu. Lakini kila anayeandika maisha yake mwenyewe hujipa kiti cha mbele, awe nani. Kwa hiyo kwenye sanduku tumekiweka pamoja na muhtasari wa ripoti mbili za mwaka 2008. Ya Kriegler ilisema haiwezekani kujua nani alishinda urais Desemba 2007, jinsi hesabu zilivyoharibiwa. Ya Waki ilihesabu waliokufa 1,133. Mzaliwa wetu aliteuliwa Makamu wa Rais Januari 2008, katikati ya siku hizo. Alifanya vyema ama vibaya kukubali? Hapa kila mtu ana jibu lake kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Tulichotaka ni mtu afungue. Wako waliokasirika. Wako pia waliosoma vyote vitatu, na msimamo wao haujabadilika, ila sasa wanaweza kuueleza bila kupiga meza.

Vivyo hivyo na tamko la Maaskofu wetu Wakatoliki la tarehe 14 Novemba 2024, lililokemea utamaduni wa uongo katika uongozi. Watu walibishana juma zima, baadaye yakaja mambo ya pesa za harambee zilizorudishwa na kanisa Nairobi, kelele zikazidi. Tulipouliza nani amelisoma tamko lenyewe, mikono iliyoinuka haikujaza kiganja. Ni karatasi chache tu.

Wengine wanasema haya ni matatizo ya Afrika. Wale wenye watoto Marekani wanajua. Tarehe 6 Januari 2021 watu walivamia Bunge la Marekani kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi, na ripoti ya kamati iliyochunguza ilitoka Desemba 2022 ikauzwa madukani kama kitabu cha kawaida. Ripoti yetu ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013, ikakaa Bungeni miaka mingi bila kupitishwa. Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Shirika la waandishi la PEN America lilihesabu zaidi ya mara 10,000 ambapo vitabu viliondolewa kwenye shule za umma katika mwaka mmoja wa masomo, 2023 hadi 2024. Ndugu mmoja wa parokia hii anayefanya kazi ya kutunza wagonjwa kule alitutumia ujumbe kwamba huko nako watu wameanzisha vikundi vya kusoma majumbani, wamechoka kugombana mezani. Ndiye aliyetuambia habari za "Eyes on the Prize", filamu ndefu ya mwaka 1987 ya Henry Hampton juu ya Wamarekani weusi walivyodai haki zao. Tumeona sehemu mbili. Kinachotupendeza ni kwamba wanaosimulia ni wale waliokuwepo, pamoja na waliokuwa wakipinga.

Tukirudi kwetu. Kuna filamu moja tunaomba sana isikose, hata kama mtaamua nyingine zingoje. Ni "Softie" ya Sam Soko, ya mwaka 2020. Inamfuata Boniface Mwangi, mpiga picha aliyepiga zile picha za ghasia za 2007 na 2008, akigombea ubunge wa Starehe mwaka 2017 bila kutoa hongo. Watu anaowaomba kura wanamwuliza, umetuletea nini? Alishindwa. Na nyumbani mke na watoto wanalipa gharama yake, hilo nalo limeonyeshwa bila kufichwa. Tulipoionyesha mara ya kwanza wanaume walicheka pale penye swali la "umetuletea nini", kisha kicheko kikakatika, maana kila mtu aliitambua sauti yake. Hiyo ndiyo filamu ya kuelekea 2027. Haimtaji mgombea yeyote wa hapa.

Masharti tutakayofuata mkituruhusu ni haya tuliyokuwa nayo, na machache ya kuongeza. Hakuna mgombea atakayepewa nafasi ya kusema, hata akileta mafuta ya jenereta. Hakuna fulana za vyama. Filamu zenye damu, watoto hawaingii, na tutasimama mlangoni wenyewe. Filamu tutaitazama kwanza sisi pamoja na wazee wawili na vijana wawili, jumla wanne, waliochaguliwa na baraza hili. Mazungumzo ni kwa Kikamba na Kiswahili, Kiingereza kitatafsiriwa. Kina mama watasema kwanza, kwa sababu wanaume wakianza, kina mama huenda nyumbani kupika kabla zamu yao haijafika. Hilo tumeliona mara nyingi mno. Na mtu yeyote akisema tumchukie fulani kwa kabila lake, tutawasha taa na kumwomba atoke.

Wazee wametuuliza pia kama tunaweza kuahidi kwamba hakuna kijana atakayekwenda maandamano. Hatuwezi. Wengine walikwenda kabla hatujanunua projekta. Tunachoweza ni kuwaambia kwamba kijana anayetaka kwenda sasa anakuja kwetu kuuliza, na kwamba wawili walikwenda Julai baada ya kuwaaga wazazi wao na kuacha namba za simu za wenzao. Kabla ya hapo walikuwa wakitoroka usiku.

Betri ya sola inahitaji kubadilishwa, bei tumeiandika ubaoni. Nakala za "Kigogo" ziko tatu tu, mwenye nyingine alete. Ufunguo wa sanduku uko kwa mwenyekiti wa kina mama.

Tumemaliza upande wetu. Tunaomba tuwasikie wazee kwanza, kisha vijana, halafu baraza lipige kura. Chai iko tayari, lakini tupige kura kabla ya chai.